Ndia Kuu ya huku haina baraza

Ukiitia "High Street", njia kuu ya maduka katika miji ya Uingereza, katika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, unapata Ndia Kuu, na Ndia Kuu ndiyo njia niliyokulia. Kwa asiyeijua, ni ile njia ya Mji wa Kale, Mombasa, inayoanzia karibu na Fort Jesus ikapenya ndani kwenye nyumba za roshani za mbao na milango ya nakshi. Leo naishi mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, nusu saa kwa treni kutoka Manchester, mji uliojengwa na viwanda vya pamba ambavyo vilikufa zamani. Nao una Ndia Kuu yake. Tangu majira ya baridi nimo katika kikundi cha majirani tunaotafuta namna ya kuirudishia sura njia hiyo, na nataka kuwasimulia tulikofika. Najua wengi wenu mnapita njia kama hii kila asubuhi mkienda kazini, kichwa chini, shingo ndani ya koti.

Nilifika nchi hii Septemba 2008. Miezi mitatu baadaye Woolworths ikaanza kufunga: maduka 807 nchi nzima, la mwisho likafunga mlango Januari 6, 2009. La kwetu walikuwa wanauza mpaka rafu. Nilinunua vikombe vinne, na kimoja ninacho hadi leo. Wakati ule nilidhani nimeshuhudia msiba wa duka moja. Kumbe ulikuwa mwanzo. Benki zikafuata, tangu 2015 zaidi ya matawi 6,000 yamefungwa Uingereza. Mwaka 2023 Wilko nayo ikaanguka na maduka yake kama 400. Kila mmoja alipoondoka njia yetu ilibaki na dirisha jingine lililozibwa kwa mbao, barua zikilundikana nyuma ya mlango, na njiwa wakihamia juu.

Jengo lililokuwa benki ndilo linaloniuma zaidi. Ni jiwe zuri, limechongwa kwa mkono, lina nguzo mbili mlangoni. Sasa gata lake limeziba, na ndani ya gata umeota ule mti wa maua ya zambarau unaoota popote palipoachwa. Mvua ikinyesha maji hayafuati bomba, yanateremka ukutani, na jiwe limeshika ukijani kutoka paa hadi chini. Mtu mmoja na ngazi angelimaliza jambo hilo kwa asubuhi moja. Lakini jengo lina mwenyewe, mwenyewe yuko mbali, na barua tulizomwandikia hazijajibiwa.

Mkutano wetu wa kwanza ulifanyika ukumbi wa kanisa. Tulikuwa watu ishirini na kitu: mama wa duka la maua, kinyozi Mkurdi, walimu wastaafu wawili, kijana wa Kipolandi anayetengeneza baiskeli, na ndugu yetu mmoja kutoka Bukavu, Kongo, mwenye duka la vyakula. Yeye huniita yaya. Ukiwa Mkenya unaweza kushtuka, lakini kwao yaya ni dada mkubwa, na mimi nalipenda. Tulipewa vikaratasi vya rangi, kila mtu aandike wazo lake na kulibandika ukutani. Ukuta ukajaa: vikapu vya maua vya kuning'iniza kwenye nguzo za taa, vibendera vya kuvuka njia, michoro mikubwa kwenye kuta za pembeni, shata zipakwe rangi, taa za Krismasi ziwe nyingi zaidi. Na mtu mmoja alipendekeza kitu ambacho nimekiona miji mingi hapa: madirisha ya maduka yaliyokufa yabandikwe picha za maduka yaliyo hai.

Hilo sikuweza kulinyamazia. Mwaka 2013 viongozi wa G8, lile kundi la mataifa manane makubwa, walikutana Fermanagh, Ireland ya Kaskazini. Kabla hawajafika, maduka matupu katika vijiji vya njiani yalibandikwa picha kubwa ili yaonekane yana biashara. Kule Belcoo, bucha lililokuwa limefungwa lilivishwa picha ya bucha lililojaa nyama. Magari ya wakubwa yalipita, na kutoka ndani ya gari mtu aliona mji ulioshiba. Niliwaambia wenzangu ukumbini: anayepita kwa gari atadanganyika, lakini sisi tunapita kwa miguu. Mwenye njaa akisimama mbele ya picha ya nyama, itamsaidia nini?

Sina ugomvi na rangi. Mwaka 2018 kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na kutiwa buluu, na nilipokwenda likizo baada ya hapo niliona mji umeng'aa, hasa jua la asubuhi likipiga. Nilipiga picha kama mgeni. Lakini kilichonifanya nihisi nimefika nyumbani kilikuwa mlio wa vikombe vya muuza kahawa, anavigonganisha mkononi, dele lake la shaba likifuka moshi, na wazee wanne barazani wakinitazama mpaka mmoja akasema, "Huyu si mjukuu wa fulani?" Baraza ile ina umri mkubwa kuliko sisi sote. Ni jiwe na chokaa, ubao wa kukalia haupo, mto haupo, imeng'arishwa na makalio ya watu tu. Ipo nje ya mlango, sehemu ya nyumba ambayo mwenye nyumba amewapa wapita njia.

Ndipo nikajua kinachokosekana kwenye Ndia Kuu ya huku. Hakuna pa kukaa. Kutoka kituo cha basi hadi mnara wa saa ni mwendo wa dakika sita kwangu mimi, na katika mwendo wote huo hapakuwa na kiti kimoja ambacho huhitaji kununua kahawa ndipo ukikalie. Viti vilikuwepo zamani. Halmashauri iliving'oa kwa sababu walevi walikuwa wanavikalia. Matundu ya skrubu bado yapo kwenye sakafu, manne manne.

Lugha yetu ilishaliona jambo hili. Baraza ni pale pa kukaa nje ya nyumba, na baraza ni wale wanaoamua mambo ya mji. Neno moja, kwa sababu watu walianza kwa kukaa. Huku mji una baraza la waheshimiwa madiwani, lakini mtaa hauna baraza hata moja.

Nilipoliandika wazo langu kwenye kikaratasi, mwalimu mmoja mstaafu alinijibu kwa upole kwamba tukirudisha viti tutawarudisha walevi. Nilimwelewa, maana anaishi juu ya duka na kelele za usiku anazisikia yeye. Lakini nami nina kazi yangu ya kulea wazee, na nikawasimulia kuhusu mzee mmoja ninayemhudumia. Ana miaka themanini na kitu, akili timamu, ulimi mkali, goti bovu. Alikuwa akienda mwenyewe kuchukua dawa zake. Siku moja nilimfuata nyuma, nikamwona amefika kwenye jengo la benki, amesimama, ameweka kiganja ukutani pale penye ukijani, anahema. Alisimama hivyo kama dakika tano, watu wanampita. Kisha akageuka, akarudi nyumbani bila dawa. Alikuwa amebakiza maduka manane tu. Tangu siku ile dawa analetewa, na Ndia Kuu hakuiona tena. Nikawaambia: tukiweka vikapu vya maua, huyu mzee hatavifikia.

Ukumbi ulikaa kimya kidogo. Mama wa duka la maua ndiye aliyesema kwamba mama yake naye aliacha kutoka kwa sababu hiyo hiyo.

Mwezi wa nne tulikwenda watu saba Todmorden, mji wa watu kama 15,000 huko mpakani mwa Yorkshire na Lancashire. Mwaka 2008 wakazi wa pale, wakiongozwa na akina Pam Warhurst na Mary Clear, walianzisha kitu wanachokiita Incredible Edible: kupanda vyakula kila penye kipande cha udongo kisicho na kazi, na kumruhusu yeyote achume. Hawakungoja fedha wala ripoti. Tangu kushuka kwenye treni unakutana na majani ya kuungia chakula stesheni. Mbele ya kituo cha polisi pana matuta ya mboga. Kwenye kituo cha afya wamepanda miti ya matunda na mimea ya dawa. Ndugu yetu wa Bukavu alizunguka yale matuta ya polisi mara mbili, akashika jani la kabeji, akaniambia, "Yaya, hapa hawajapanda mboga. Wamepanda sababu ya kusimama."

Ndivyo ilivyo. Mwanamke mmoja alikuwa anachuma majani huku kitoto chake kimechuchumaa kikitafuta konokono. Mzee akamwonyesha achume lipi. Hawakuwa wanajuana, nilivyosikia. Vikapu vya maua vinavyoning'inia juu ya kichwa havifanyi kazi hiyo, kwa sababu havishikiki. Kinachopendezesha njia ni mtu kuwa na shughuli hapo nje.

Usiku ule nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza yote, mboga mbele ya polisi na kila kitu. Akacheka kidogo, halafu akauliza swali moja: "Na nani atakayemwagilia, mwanangu?" Hilo swali nililipeleka mkutanoni kama lilivyo, na likawa ndilo muhimu kuliko yote. Tulifuta mawazo mengi kwa sababu yake. Wazo lisilo na mtu wa kulimwagilia, tuliliondoa ukutani. Vibendera vikaondoka, mchoro mkubwa ukangojeshwa. Kwenye ukuta vikabaki vitu vitatu: viti, masanduku ya udongo, na kusafisha mbele ya maduka kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Kijana wa baiskeli alitengeneza masanduku manne ya mbao. Ukubwa haukuwa wa kukisia, maana njia ya waenda kwa miguu lazima ibaki wazi mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kipite. Kipimo hicho ndicho kinachotumika hata kwa meza za mikahawa zinazowekwa nje. Tulipima kwa utepe, tukachora mstari wa chaki, tukavuta kiti cha magurudumu tulichoazima kazini kwangu kuhakikisha. Sanduku moja likawa mbele ya duka la Mkongo, moja kwa kinyozi, mawili mbele ya benki.

Katika moja la benki nilipanda mchicha. Wengi wenu mnajua, mwezi wa sita hadi wa nane unakubali hata huku, mradi pasiwe na upepo, na lile jiwe linahifadhi joto. Ulipofika urefu wa kiganja nilikuwa napalilia asubuhi moja, mama mmoja wa Kibangladeshi akasimama na mkokoteni wake. Nimempita njiani miaka mingi, hatujawahi kuamkiana. Aliinama, akageuza jani kwa kidole akaona wekundu wake, akasema, "Lal shak!" Nikamwambia sisi tunauita mchicha. Akalirudia neno mara mbili, kisha akanieleza anavyoupika yeye: kitunguu saumu, pilipili kavu, mafuta kidogo, hakuna maji. Mimi nikamweleza wa nazi. Tulisimama pale mpaka basi lake likampita. Sasa siku nikiwa zamu ya usiku, yeye ndiye anayemwagilia, na swali la mama limepata jibu.

Viti vilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kibali kilitakiwa na kila ofisi ilitutuma kwa nyingine. Sitawachosha. Tulifika makubaliano kwamba viti viwe na sehemu za kuegemeza mkono, mzee apate pa kujisukumia akiinuka, na viwekwe mahali peupe penye watu, si kwenye pembe ya giza ambako vile vya zamani vilikuwa. Mwalimu wa juu ya duka alikubali kwa sharti kwamba baada ya miezi sita tukae tena tuangalie kama analala. Ni sharti la haki.

Kuhusu benki yenyewe, kuna mlango mmoja umefunguka. Tangu Desemba 2024 halmashauri za Uingereza zina uwezo wa kupiga mnada upangaji wa duka lililokaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miezi 24, mpangaji apewe mwaka mmoja hadi mitano, hata kama mwenyewe amekaa kimya. Benki yetu imepita muda huo zamani. Tumeandika barua kuomba iingizwe. Ndugu yetu wa Bukavu anasema akipata chumba kile cha mbele atauza sombe, yaani kisamvu, samaki wa kukaushwa na unga, na atafungua mlango wa nguzo mbili kila asubuhi. Na mimi nataka kuwepo siku mtu atakapopanda ngazi kuung'oa ule mti.

Kiti cha kwanza kilifungwa Jumamosi iliyopita, hatua sita kutoka penye mchicha. Nilikwenda kumchukua yule mzee wangu. Alivaa tai. Tulitembea polepole, nikambebea fimbo ya akiba, na tulipofika kwenye ukuta wa benki mkono wake uliinuka wenyewe kuutafuta ukuta. Nikamwambia, siyo hapo, mbele kidogo. Akakaa. Akanyoosha goti, akatazama upande wa mnara wa saa ambao kwa macho yake hausomeki tena, akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa tano na robo.

"Bado mapema," akasema, akafungua kifungo cha koti.