Chemsha Bongo ya Idi na Setilaiti Iliyopaa Siku ya Jamhuri

Wapo wanaofuga njiwa na wapo wanaokusanya stempu. Mimi hukusanya habari ndogondogo za ajabu, zile ambazo hazimwongezei mtu hata shilingi, lakini zikianza kusimuliwa barazani baada ya sala ya Isha hakuna anayeaga kabla hajajua zilivyokwisha. Kwa ajili hiyo jamaa zangu hapa Malindi wamenitwika kazi ya kutunga maswali ya chemsha bongo kila ifikapo Idi, saa ambayo watoto wameshashiba biriani, wameshahesabu mkono wa Idi mara ya kumi, na sasa wanatafuta la kugombania.

Kukusanya ni rahisi. Kuchuja ndiko kwenye shughuli. Simu yangu hujaa jumbe zinazoanza na "Je, wajua?", na nyingi kati yake hazina ukweli. Ukuta Mkuu wa China hauonekani kwa macho matupu kutoka mwezini, kwa kuwa urefu wake ni wa maelfu ya kilomita lakini upana wake ni wa mita chache tu. Wala si Coca-Cola iliyomvisha Baba Krismasi joho jekundu, maana alikuwa amekwisha kuchorwa hivyo kwenye kadi na majalada ya magazeti miongo kadhaa kabla ya kampuni hiyo kuanza matangazo yake maarufu mwaka wa 1931. Huwa naona uchungu kidogo kuzifuta habari kama hizi, kwani uongo uliotungwa vizuri una utamu wake. Hata hivyo, ninachokipenda zaidi ni kile kilicho kweli tupu lakini kikisikika kama uzushi. Tarehe 16 Desemba 1965, kwa mfano, wanaanga wa chombo cha Kimarekani cha Gemini 6, Wally Schirra na Tom Stafford, waliwaarifu wenzao walioko duniani kwamba wanaona chombo cha ajabu kikitoka kaskazini kuelekea kusini, kisha, kabla hofu haijaenea, wakatoa kinanda cha mdomo na njuga walizoingiza kimyakimya wakapiga wimbo wa Krismasi wa "Jingle Bells". Wimbo wenyewe, uliochapishwa mwaka wa 1857, hauitaji Krismasi popote.

Katika Idi iliyopita niliamua kuwaletea swali la nyumbani. Niliwauliza, "Ni kitu gani kilichopaa kutoka bahari yetu siku ya Jamhuri kikapewa jina la Uhuru?" Mpwa wangu mmoja akajibu upesi kwamba ni bendera. Mwingine, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, akasema, "Bei ya sukari, mjomba!" na baraza zima likaangua kicheko. Aliyejibu sawasawa ni mzee jirani yetu, mvuvi aliyestaafu, ambaye hata hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. "Ile ya San Marco," akasema.

Kaskazini mwa Malindi, katika maji ya Ghuba ya Ungwana mkabala na Ngomeni, yamesimama majukwaa ya chuma ya kituo cha San Marco, ambayo Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, waliyatumia kurushia setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya upepo wala madafu. Ngomeni iko karibu digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na kwenye ikweta dunia huzunguka kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki hupata msukumo wa bure hata kabla haijachoma mafuta yake mengi. Zaidi ya hayo, upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, na vipande vya roketi vinavyoanguka havimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya Kimarekani ilipaa kutoka hapo ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Chombo cha namna hiyo hakina budi kupelekwa juu, kwa kuwa angahewa huzizuia eksirei hizo zisifike ardhini. Marjorie Townsend, mama aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, ndiye aliyependekeza jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu na ukarimu wa wenyeji. Ndiyo maana hadi leo wanafunzi wa elimu ya nyota huko Tokyo na Chicago hulitamka neno la Kiswahili bila kujua kwamba linahusu gwaride na nyama choma.

Watoto walimgeukia yule mzee. "Babu, uliiona ikipaa?" Akawajibu kwamba roketi haikuwa shida yake, shida yake ilikuwa ni kuzuiwa kuvua upande ule siku za kurusha, ilhali kolekole walio wanene kuliko wote ndio waliojikusanya kwenye miguu ya majukwaa hayo. Sijawahi kusoma habari hiyo katika kitabu chochote cha sayansi, na nadhani ni upungufu.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipende habari hii kuliko zote nilizo nazo. Mwaka wa 1971 Uhuru ilionyesha kwamba eksirei za Cygnus X-1, chanzo kilicho umbali wa miaka-nuru ipatayo 7,200, hupanda na kushuka kwa muda ulio chini ya sekunde moja. Kitu kinachopepesa upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, na kilipopimwa kwa jinsi kinavyoivuta nyota jirani yake, uzito wake ulizidi kiasi ambacho nyota ya kawaida iliyokufa inaweza kubeba. Wataalamu wakaanza kunong'ona kwamba hapo pana shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haichomoki. Desemba 1974 wanafizikia Stephen Hawking na Kip Thorne wakawekeana dau juu ya jambo hilo. Hawking, aliyeishi kwa kuyachunguza mashimo meusi, alishikilia kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, ili kwamba kazi yake ya miaka mingi ikianguka, angalau apate faraja ya kushinda miaka minne ya gazeti la vichekesho la Private Eye. Thorne akishinda angeletewa kwa mwaka mmoja gazeti jingine ambalo sitalitaja, kwa kuwa wapwa zangu husoma ninayoyaandika. Mwaka wa 1990 Hawking alikubali kwamba ameshindwa, akaingia ofisini kwa Thorne, huku Thorne akiwa safarini Moscow, akatia alama ya kidole gumba kwenye hati ya dau, na akalipa. Mama yangu alisikiliza yote hayo kwa utulivu, kisha akasema kamari ni kamari hata ikichezwa na maprofesa.

Burudani nayo haikubaki nyuma. Bendi ya Rush ya Kanada ilitoa wimbo uitwao "Cygnus X-1" mwaka wa 1977, na Thorne akaja kuwa mshauri wa sayansi wa filamu ya Interstellar ya mwaka wa 2014, ambayo baadhi ya picha zake za shimo jeusi zilichukua hadi saa 100 kila moja kuchorwa na kompyuta. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya kisayansi ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2002, na Thorne akapata yake, kwa kazi nyingine, mwaka wa 2017.

Sikukuu zimezoea kubatiza vitu. Vasco da Gama aliipita pwani ya Natal, kusini mwa Afrika, siku za Krismasi ya 1497 na kuiachia jina la sikukuu hiyo, na Pasaka iliyofuata ikamkuta nje ya bandari yetu ya Malindi, ila sisi tulikuwa na jina tayari. Kisiwa cha Pasaka kilipata lake kwa sababu Mholanzi Jacob Roggeveen alikifikia siku ya Pasaka ya 1722.

Swali la mwisho lilikuwa la Idi yenyewe. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo mara moja katika miaka ipatayo 33 Idi-ul-Fitri huangukia mara mbili katika mwaka mmoja wa kalenda ya ukutani. Ilitokea mwaka wa 2000, Januari na Desemba, na inatarajiwa tena mwaka wa 2033, mwanzoni mwa Januari na karibu na tarehe 23 Desemba, kwa kutegemea mwandamo. Wapwa zangu walianza papo hapo kupiga hesabu ya mkono wa Idi maradufu. Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani, hakufurahi hata kidogo. Aliniomba nimwandikie tarehe hizo kwa herufi kubwa, kwa sababu wateja wake huleta vitambaa usiku wa kuamkia sikukuu, na mwaka huo, alisema, hatapokea kitambaa cha mtu yeyote baada ya tarehe 10 Desemba.