Siku moja maishani mwangu: nafundisha mafundi kukarabati majengo ya kale, Dodoma

Nikisema kazi yangu ni kufundisha ukarabati wa majengo ya kihistoria, swali la kwanza huwa, "Kwani Dodoma kuna majengo ya kihistoria?" La pili hufuata hapo hapo: "Si mbomoe tu mjenge upya?" Naandika Jumanne yangu ya wiki iliyopita kwa ajili ya wanaouliza hivyo, na kwa ajili ya mafundi ninaowafundisha, ambao majirani zao wanadhani wamekwenda kujifunza kupaka rangi.

Saa 11 alfajiri. Naamka. Julai ya Dodoma ina baridi, na upepo wake hausubiri jua. Chai ya rangi, kiporo, sweta, buti. Bajaji kutoka Nkuhungu mpaka mjini.

Saa 12:30. Nafika kabla ya wanafunzi kwa sababu ya chokaa. Yetu inatoka Tanga ikiwa mawe yaliyochomwa. Ukiyatumbukiza kwenye maji yanachemka yenyewe bila moto, yanafuka mvuke, na asiyevaa miwani anaweza kupoteza jicho. Ikishazimwa, chokaa inalala ndani ya mapipa chini ya maji kwa miezi, mpaka inakuwa nzito na laini kama mtindi. Kila asubuhi nafungua pipa moja moja kuona kama maji bado yameifunika, maana hewa ikiipata inaanza kuganda kabla haijafika ukutani. Mambo haya nilifundishwa Kilwa na mafundi wa pwani, ambao wao huchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Bara hatuna matumbawe, lakini chokaa ni ileile.

Jengo tunalojifunzia ni la enzi za Wajerumani, si mbali na Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Kuta ni za mawe, nene, zimeunganishwa kwa chokaa. Lina baraza pande mbili, dari ya juu, na madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha hewa. Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba ya Mjerumani imekuja baadaye, kwa hiyo ili ipate ulinzi huo ni lazima itangazwe rasmi. Isipotangazwa, maisha yake yamo mikononi mwa aliyekabidhiwa funguo. Mliweke akilini hilo mpaka tufike saa 4:30.

Saa 2. Darasa. Wanafunzi ni 14: waashi, maseremala wawili, vijana waliomaliza chuo cha ufundi, na dada mmoja mchoraji wa ramani ambaye mkono wake ni wa dhahabu. Wametoka Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, Bahi na hapa mjini. Asubuhi hatugusi mwiko. Tunapima, tunachora, tunapiga picha, na kila bawa la mlango linapewa namba yake. Kwenye nyufa tumebandika vipande vya kioo chembamba kwa gipsamu, kimoja kwa kila ufa, tarehe imeandikwa kwa penseli pembeni. Kioo kikikatika, ukuta bado unatembea. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na unaweza kuzibwa. Dodoma iko kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo ufa hauzibwi kabla haujasomwa.

Vijana huchoka na sehemu hii. Wanataka kushika nyundo. Nikiona wanaanza kusinzia nawakumbusha Beit al-Ajaib. Jumba lile la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake siku ya Krismasi mwaka 2020, likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Darasa hunyamaza, na penseli zinarudi kwenye karatasi.

Saa 4. Chai na chapati. Kijana mmoja wa Bahi anatusimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akilitunza tembe lao: kila mwaka kabla ya mvua anakandika ukuta upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, anaongeza udongo juu ya paa bapa, anakagua nguzo kama mchwa wameingia. Namwambia arudie, taratibu, wenzake waandike. Kukagua kila mwaka, kurekebisha kidogo kidogo, kutumia udongo uleule uliojengea: sehemu kubwa ya mtaala wangu imo humo, na bibi yule hakuwahi kukanyaga chuo. Siku nyingine nitaandika juu ya matembe peke yake. Yanaisha kwa kasi kuliko nyumba za mawe, na hakuna anayeyapima.

Saa 4:30. Kikombe hakijaisha, inaingia pikapu imebeba mifuko ya saruji. Nyuma yake gari la msimamizi wa jengo. Pamoja naye fundi wa alumini, futi mkononi.

"Madam, habari za kazi. Msisumbuke, endeleeni. Huyu kijana anapima madirisha tu."

"Salama, Mkuu. Madirisha gani?"

"Yote. Tunaweka alumini na vioo. Dari tunaweka gipsamu, chini marumaru. Hizi kuta zinazodondoka mzipige saruji vizuri, mara moja, tusirudie tena. Wageni wanakuja mwisho wa mwezi."

Nikamwomba tukae barazani tuzungumze. Hakutaka kukaa. Wakati tunasalimiana vile, fundi wa alumini ameshaingia chumba cha mbele, na nikasikia bawaba inalia. Anang'oa bawa la dirisha la mninga kwa nondo. Mzee wetu wa Mpwapwa, mwashi wa siku nyingi na mkubwa kuliko wote darasani, akamfuata, akaushika mkono wake polepole, akamwambia, "Mwanangu, hili limenizidi umri mimi. Liache kwanza wakubwa wamalize." Kijana akaliacha. Mpaka leo namshukuru yule mzee.

Mazungumzo na msimamizi yalikula muda mpaka karibu saa 7. Nayaandika kwa urefu kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Watu wanadhani kazi ngumu ni mawe.

Kwanza nilimpeleka kwenye ukuta wa kaskazini. Miaka ya nyuma kuna aliyeupiga saruji kwa nje, kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, na kuzunguka msingi akamwaga zege. Alikuwa na nia njema. Lakini ukuta wa zamani hauna kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya mawe, na zamani yalikuwa yanatoka nje kupitia chokaa, yanakauka kwa upepo, basi. Saruji imeufunga mlango huo. Sasa maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yanatokea chumbani, na ardhi yetu ina chumvi, kwa hiyo yanakuja na chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda ndani ya vinyweleo vya ukuta, inavimba, na plasta inamomonyoka kuwa unga. Nikamwomba apitishe kiganja. Kiganja kikarudi cheupe.

"Hiyo ni plasta mbovu ya zamani," akasema.

"Hiyo ni saruji, Mkuu. Ile ya zamani ni hii hapa juu, haijadondoka."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo limekaa kichwani mwangu wiki nzima: "Madam, mimi nakuelewa. Lakini nikifungua jengo na madirisha yaleyale ya mbao, kuta zilezile, watu watasema tumekula hela."

Hapo hasira zangu zote zikapungua. Yule bwana hachukii jengo. Anaogopa. Katika mji unaoota maghorofa kila mwezi, tangu serikali ilipohamia hapa, ukarabati unapimwa kwa kung'aa. Kazi yetu ikifanyika vizuri haionekani, na fedha isiyoonekana kazi yake ina maswali. Hofu hiyo ni ya haki, na sisi wakufunzi hatuijibu vya kutosha. Tunazungumza habari za Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, wakati mwenzetu anamfikiria mkaguzi wa hesabu.

Basi nikaacha mkataba. Nikamwita dada mchoraji alete picha za kabla, michoro, na daftari la namba za milango. Nikamwambia: Mkuu, huu ndio ushahidi wako, kila shilingi ina picha yake. Nikamwonyesha maboresho tunayoyafanya, kwa sababu kuhifadhi hakuna maana ya kuwafanya watu waishi bila choo. Choo kipya kinajengwa nje kwa nyuma, kwa kuta zake chenyewe, bila kutoboa jiwe la zamani. Nyaya za umeme zinapita kwenye mabomba juu ya ukuta, hatuchimbi mifereji kwa grainda. Mlango wa mbele unapata njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu, na njia hiyo inaweza kuondolewa kesho bila kuacha kovu. Kisha nikamwingiza chumba cha mashariki, ambako vibao vya madirisha vimetengenezwa na matundu ya hewa chini ya dari yamezibuliwa. Jua lilikuwa limepanda. Akasimama katikati ya chumba, akavua koti.

"Humu kuna feni?"

"Hamna, Mkuu."

Hakusema amekubali. Aliagiza saruji ishushwe stoo, "kwa ajili ya hicho choo," akaondoka na fundi wake wa alumini. Madirisha akasema atafikiria.

Chakula cha mchana kilikuwa wali maharage uliopoa. Mama lishe alitutunzia.

Baada ya hapo saa zinachanganyikana. Tulikuwa nyuma ya ratiba kwa zaidi ya saa mbili, na chokaa iliyokorogwa asubuhi ilikuwa inasubiri. Kipimo chetu ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa korongo uliooshwa mpaka maji yanatoka safi, kwa sababu ya ile chumvi. Ukuta unanyweshwa maji kwanza, mara nyingi, mpaka unakataa. Tabaka moja lisizidi sentimita 1. Na upepo ukaanza. Upepo wa mchana wa Dodoma ndio adui yangu mkubwa kuliko msimamizi yeyote: unanyonya maji kwenye plasta kabla chokaa haijawahi kuvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Plasta iliyokauka haraka inapasuka nyufa nyembamba kila mahali, na mtu atasema, "Si tulisema chokaa haifai?"

Tukatundika magunia yaliyolowekwa mbele ya jukwaa lote. Yanakauka, tunayamwagia. Yanakauka tena. Ndoo zinapanda, ndoo zinashuka. Mabega yangu yalianza kuuma, nikaona mikono ya vijana inatetemeka, mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama watalipwa zaidi ya fundi wa kawaida wakimaliza mafunzo. Nilimjibu ukweli: kwa sasa, mtaani, hapana. Anayejua chokaa analipwa sawa na asiyejua. Lakini siku majengo ya namna hii yatakapotafutiwa watu wanaoyaweza, wa kuitwa watakuwa wachache mno, na yeye atakuwa mmoja wao. Sikumpa ahadi zaidi ya hiyo. Aliendelea kupandisha ndoo.

Maseremala kwa upande wao walimaliza bawa lililotaka kung'olewa. Walikata sehemu iliyooza chini tu, wakaunga kipande kipya cha mninga kwa kiungo cha mshazari, bila msumari hata mmoja. Nilipitisha kidole kwenye kiungo nisikipate. Niwaambie ukweli, kwa kiungo kile nilisahau mabega.

Jua linazama tunaosha miko. Wawili wamebaki zamu ya kunyunyizia ukuta mpaka usiku. Nafika nyumbani sijui saa ngapi, miguu imevimba, chokaa imekausha vidole mpaka vinapasuka. Napaka mafuta ya nazi, nakula ugali na mlenda, nafungua simu. Kuna ujumbe wa msimamizi:

"Madam, naomba makadirio ya kutengeneza madirisha ya mbao. Chumba cha mbele tu kwanza."

Nimekaa mezani mpaka karibu saa 5 usiku na daftari la dada mchoraji, napiga hesabu dirisha moja moja: mbao, bawaba, kazi, mafuta ya kupaka. Nimemtumia ya chumba cha mbele kama alivyoomba, na ukurasa wa pili nikaweka ya jengo zima.