Nilivyofunga kifaa cha kurusha theluji kwenye trekta yangu ya kukata nyasi, na nilivyoipangia bei

Trekta yenyewe ni ile ndogo ya kukalia, niliinunua used, injini bado inawaka fresh. Shida majira ya baridi ilikua inakaa tu, nikasema mbona injini ipo na klachi ya umeme ya kuzungushia visu ipo, ngoja nitafute kile kifaa cha theluji kinachofungwa mbele.

Usihangaike na rangi, angalia namba ya modeli kwenye kibati, mara nyingi kiko chini ya siti. Kampuni ileile inaweza kua imebadilisha fremu na kifaa cha trekta ya zamani kikagoma kabisa kuingia kwenye mpya. Halafu uliza mapema kama kinakuja na vyuma vya kushikia, puli, mkanda, fimbo ya kunyanyulia na mkono wa kuzungusha bomba la kurushia, mana wengi wanauza boksi la mbele tupu na hivyo vikorokoro ukianza kuvisaka kimoja kimoja utajuta.

Sasa hapa ndo pa kuangalia sana. Ile skrubu kubwa inayokusanya theluji imeshikwa kwenye shafti yake na bolti laini, zimetengenezwa makusudi zikatike ukigonga jiwe au barafu ngumu ili gia boksi ya hicho kifaa ipone. Lakini kama kutu imegandisha skrubu na shafti, bolti hata zikikatika havitaachana, mshtuko wote unaenda kwenye gia. Mi nilizitoa zile bolti nikazungusha skrubu kwa mkono, upande mmoja ukazunguka, wa pili ngangari. Nikapuliza dawa ya kutu, nikaiacha ilale, nikarudi nikagongagonga na nyundo ya mpira mpaka ikaachia, nikajaza grisi. Na ukirudishia usiweke bolti ngumu ya kawaida eti ndo imara, utaua gia boksi.

Kufunga kwenyewe: unashusha sahani yote ya visu vya chini, unaingiza vyuma vya kushikia, unapachika kifaa, mkanda unapita kwenye puli na springi ya kuukaza ndo inakutoa jasho, yaani spana moja huku mguu unasukuma kule. Mkanda ukiwa unang'aa pembeni badilisha tu, utateleza theluji ikiwa nzito.

Nikawasha, ikarusha vizuri, ila matairi ya nyuma yakawa yanazunguka bure kwa sababu uzito wote uko mbele. Cheni za matairi na vyuma vya uzito nyuma vikamaliza hiyo kesi. Bomba likiziba zima injini, subiri kila kitu kisimame, zibua kwa fimbo, mkono usiingie mle hata kama unaona imetulia.

Bei sasa, mana niliamua kuuza. Wengi wanajumlisha, trekta kiasi fulani, kifaa kiasi fulani, basi. Mi naona sio hivyo. Trekta inahesabiwa kwa saa za injini na hali ya gia, wateja wake ni wengi hasa nyasi zikianza kuota. Kifaa cha theluji kikiwa peke yake wateja ni wachache mana kinaingia kwenye trekta chache, ila mwenye trekta hiyo akikipata habishani sana, hasa ukitangaza kabla theluji haijaanguka. Vikiwa pamoja, vimefungwa na vinafanya kazi, mnunuzi anakwepa ile shughuli yote niliyosema juu na hapo ndo unapata cha kuongeza. Sharti sahani ya visu iwepo, bila hiyo unauza mashine ya msimu mmoja. Kutu kwenye boksi na mkanda uliochoka mi nilikata kwenye bei mwenyewe kabla mtu hajaanza kunionyesha kidole.

Wa kwanza kuja alitaka trekta tu, nikamkatalia, kifaa kingebaki kinanitazama. Aliyefuata alinikuta nimeiwasha ikiwa ya baridi, akazungusha skrubu kwa mkono pande zote mbili bila mi kumwambia kitu, nikajua huyu anaelewa, akachukua vyote na cheni na kile kikopo cha bolti za akiba.