Jinsi nilivyomfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia nje na kulala kwenye kizimba

Mtoto wa mbwa haelewi "ndani" na "nje" kama tunavyoelewa sisi. Anachokijua ni kile kilicho chini ya nyayo zake. Tangu wiki ya 5 hadi ya 9 hivi ya maisha yake anazoea kujisaidia juu ya aina fulani ya sakafu, na baadaye akibanwa huitafuta hiyo hiyo. Aliyelelewa kwenye banda la saruji, ukimpeleka kwenye nyasi atanusanusa, atacheza, kisha atarudi ndani na kukojoa kwenye vigae, kwa sababu vigae ndivyo vinavyofanana na saruji. Wala si ukaidi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa aliyeniuzia lilikuwa: hawa watoto wanajisaidia juu ya nini? Jibu lilikuwa saruji, na mpango wote wa nyumbani Tegeta, Dar es Salaam, ulianzia hapo.

Nilimchukua akiwa na wiki 8, chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd. Mahali nilipomchagulia ni ukingo wa baraza la nyuma, pale saruji inapokutana na udongo. Nilimwaga ndoo moja ya mchanga, nusu ukatanda juu ya saruji, nusu juu ya udongo, na juu yake nikaweka kitambaa kilichofutia mkojo wake wa kwanza ili harufu imwite. Siku 4 za kwanza alitumia upande wa saruji. Kila siku nilifagia mchanga kiasi cha upana wa kiganja kuelekea kwenye udongo, na siku ya 9 alikuwa anajisaidia udongoni bila kusita. Ukimpata aliyezoea udongo au nyasi, hatua hii haihitajiki.

Mahali hapo lazima pawe ndani ya ua wako mpaka chanjo zikamilike. Virusi vya parvo, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, na mbwa mmoja mgonjwa aliyepita njiani anatosha kuviacha. Chanjo ya kwanza hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa huchomwa akitimiza miezi 3. Zoa kinyesi siku hiyo hiyo, hasa kama watoto wanacheza peku hapo uani, kwa sababu minyoo ya watoto wa mbwa huwaambukiza binadamu, na mabuu ya safura hupenya ngozi ya mguu. Anayeishi ghorofani bila ua atumie trei pana ya bati yenye ukoka halisi na udongo wake, aiweke kwenye baraza la ghorofa. Magazeti siyapendi. Yanamfundisha kwamba kitu chepesi kilicholazwa sakafuni ni choo, na kesho kitu hicho kitakuwa mkeka.

Sasa kizimba. Kizimba si banda. Banda ni la uani, la mbwa anayelinda usiku. Kizimba ni kitanda chenye mlango, na kinakaa mnapokaa ninyi. Kinafanya kazi kwa sababu moja tu, kwamba mbwa hapendi kulalia mkojo wake. Sababu hiyo inakufa mara kizimba kinapokuwa kikubwa kupita kiasi, maana atalala pembe hii na kukojoa pembe ile. Nafasi inayotosha ni ya kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amenyoosha miguu.

Vya dukani ni ghali, nikampa fundi wa kuchomelea. Vipimo vilikuwa urefu sentimita 90, upana 60, kimo 65, vinavyomtosha mbwa mzima wa kilo 20 na kitu. Ndani nikaweka kipande cha plaiwudi kinachosogezwa, na akiwa na wiki 8 nilimwachia sentimita 45 tu za urefu. Wavu uwe wa chuma kilichochomelewa, wenye matundu ya inchi 1. Matundu ya inchi 2 yanapitisha taya la mtoto wa mbwa, naye akivuta kwa hofu anaweza kulivunja. Wavu wa kuku usiufikirie kabisa, anautafuna na ncha zake zinamkata. Kabla ya kukichukua pitisha kiganja ndani, taratibu, kila kona, kwa sababu mafundi hukata waya kwa nje vizuri na kuacha visiki kwa ndani. Komeo liwe la kusukuma kando, maana lile la kuinua juu pua inaliinua. Chini nilitaka trei ya bati yenye kingo zilizokunjwa sentimita 3, inayochomoka kwa kuoshwa. Nilimwambia pia afunge magurudumu 4 madogo yenye breki, ili mchana kizimba kikae kwenye korido ya jikoni na usiku kiingie chumbani. Rangi ya mafuta iache ikauke mpaka harufu iishe kabisa. Changu kilikaa nje siku 6.

Joto la Dar es Salaam ni jambo la kuangaliwa. Kizimba kisipigwe na jua la dirishani, kisiwe karibu na jiko la mkaa, na kisifunikwe pande zote. Mimi nilifunika juu na nyuma tu kwa kanga kuukuu. Chini weka kitambaa kimoja chembamba. Akikikojolea mara mbili kiondoe, alale kwenye bati, kwa sababu kitambaa kinene kinaunyonya mkojo na yeye hasikii kero yoyote.

Kumzoeza kulichukua siku 7, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamtia ndani siku ya kwanza, wanafunga, wanaondoka. Siku 2 za kwanza mlango nilifunga kwa kamba ukiwa wazi, usije ukampiga na kumtisha. Nilirusha dagaa mmoja mmoja, kwanza mlangoni, kisha katikati, kisha mwisho kabisa, akaingia na kutoka apendavyo. Milo yote ikahamia ndani. Siku ya 3 nilifunga mlango akiwa anakula na kuufungua kabla hajamaliza. Siku ya 4 nilichelewa kufungua sekunde 10, kisha 30, kisha dakika 1, nikiwa nimekaa pembeni. Siku ya 5 ilikuwa dakika 5 na kutoka machoni pake kidogo. Siku ya 7 alikaa nusu saa amelala. Mkanda wa shingoni vua kila anapoingia, kwani ukinasa kwenye wavu unamnyonga. Na usimwingize kamwe kama adhabu, hata mara moja.

Akilia, jiulize kwanza lini alikojoa. Kama ni dakika 10 zilizopita na ameshiba, analia kwa kutaka kutoka: ngoja anyamaze sekunde 5 tu, kisha fungua. Ukifungua katikati ya kilio umemfundisha kulia. Lakini akiwa amelala saa 2 kisha akaamka na kulia, hilo ni ombi la choo na linajibiwa papo hapo. Mbwa aliyelazimishwa kujikojolea kizimbani mara kadhaa anapoteza ile chuki ya kulalia mkojo, na kumrudisha ni kazi ya wiki nyingi. Kwa hiyo mchana, wiki 8 hadi 10 asifungiwe zaidi ya dakika 30 hadi 60 akiwa macho. Wiki 11 hadi 14, saa 1 hadi 3. Wiki 15 na 16, saa 3 hadi 4. Anayetoka kazini asubuhi na kurudi jioni hana budi kuwa na mtu wa kumtoa, la sivyo amfungie kwenye eneo pana lenye choo chake, kizimba kikiwa wazi ndani yake.

Nilichokitegemea kuliko vyote ni daftari. Lilining'inia juu ya kizimba na kalamu yake, na kila mtu wa nyumbani aliandika. Ukurasa wa siku ya 3 unasomeka hivi: saa 12:05 asubuhi ametoka, mkojo, 12:20 amekula, 12:35 kinyesi, 1:10 mkojo baada ya kucheza, 1:15 kizimbani, amelala, 2:40 ameamka, mkojo, 3:05 mkojo sebuleni, hakuna aliyekuwa anamwangalia. Baada ya siku 3 nikajua kwamba kinyesi chake kinakuja kati ya dakika 12 na 18 baada ya kula, na kwamba akicheza hafiki dakika 40 bila mkojo. Nilimtoa kila alipoamka, kila alipomaliza kula, kila alipoacha kucheza, na kila dakika 40 akiwa huru. Ndiyo, ni safari 12 hadi 15 kwa siku katika wiki ya kwanza. Hakuna njia ya mkato hapo.

Chakula chenyewe kiwe na saa, la sivyo daftari halitakuambia kitu. Nilimpa mara 4, wa mwisho saa 12 jioni, sahani inaondolewa baada ya dakika 15. Anayepewa uji mwepesi atakojoa kama bomba, kwa hiyo nilisonga ugali mgumu kiasi na dagaa waliochemshwa, bila chumvi na bila kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa. Maji yalikuwepo mchana wote. Saa 2:30 usiku niliondoa bakuli, na kwenye usiku wa joto kali nilimpa tena mafunda machache.

Huko nje nilimfunga kamba ya mita 1 na nusu, nikasimama mahali pamoja kama mti. Ukitembea, atacheza. Akianza kukojoa nilisema neno moja kwa sauti ya chini, "fanya", na alipomaliza tu, ndani ya sekunde 2, dagaa mdomoni, pale pale. Ukimpa mlangoni, umemlipa kwa kuingia ndani. Baada ya hapo tulikaa dakika nyingine 3, kwa sababu watoto wa mbwa wengi hukojoa mara mbili, na kwa sababu akiona kila mkojo unamaliza matembezi ataanza kuubana. Dakika 10 zikipita bila kitu, kizimbani dakika 15, kisha nje tena. Kumwachia huru sebuleni baada ya safari tupu ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote.

Akiwa ndani na huru nilimfunga kamba kiunoni kwangu. Dalili zake ni za haraka: anaacha mchezo ghafla, pua inashuka sakafuni, anazunguka kidogo, anaelekea nyuma ya kochi. Hapo unazo kama sekunde 5. Ukimkuta anafanya, sema "hapana" bila ukali, mbebe, amalizie nje, umzawadie. Ukikuta dimbwi tayari, limeshapita. Kumsugua pua au kumchapa kunamfundisha kitu kimoja, kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, na tangu siku hiyo atajificha ndani na kubana mkojo mkiwa nje pamoja. Anayekojoa kidogo huku amejikunyata mtu anapomsalimia hana tatizo la choo, anaonyesha unyenyekevu. Mchuchumalie kwa upande, usimwinamie, na itaisha akikua. Na akikojoa tone tone kila mara, kwa kujikamua au kwa damu, ni daktari wa mifugo.

Dimbwi lilikaushwa kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa kukandamiza. Kisha siki na maji, nusu kwa nusu, dakika 15. Mwisho nilipitisha maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga ambayo pakiti yake inasema ina enzaimu, kwa sababu enzaimu ndizo zinazovunja ile harufu ambayo yeye bado anaisikia wakati wewe umeshaisahau. Zingatia mistari ya saruji kati ya vigae. Huko ndiko mkojo unakojificha. Dawa yenye amonia inanuka kama mkojo, itamwita. Blichi usiimwage juu ya mkojo wala usiichanganye na siki, hewa yake ni sumu. Mikeka na zulia nilivikunja miezi 2.

Usiku kizimba kilikuwa kando ya kitanda, nikisikia anavyojigeuza. Choo cha mwisho saa 4 usiku, kengele ya simu saa 7 usiku na saa 10 alfajiri. Nilimbeba, taa ndogo, hakuna mazungumzo wala mchezo, kisha kizimbani. Kila baada ya siku 4 bila ajali nilisogeza kengele mbele kwa dakika 20. Akiwa na wiki 11 ikabaki kengele moja, na wiki 15 akavuka usiku mzima.

Huku pwani wengi wa wageni na majirani zetu wanaswali, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Kizimba kilisaidia sana hapo. Hodi ikibishwa, anaingia kwenye korido ya jikoni kabla mlango haujafunguliwa, mgeni anakaa bila wasiwasi wa kanzu wala baibui yake.

Uhuru niliuongeza chumba kimoja kimoja, kila kimoja baada ya wiki 2 safi. Plaiwudi niliisogeza kila mgongo wake ulipogusa wavu, na akiwa na miezi 5 na nusu niliiondoa. Ajali zikirudi, punguza chumba kimoja na urudi kwenye daftari siku 3.

Masika yalileta mgogoro wake. Mbwa aliyejisaidia vizuri wiki 6 alifika mlangoni, akaona mvua, akageuka. Udongo uliolowa si ule ule chini ya nyayo. Nilifunga bati moja la futi 8 juu ya mahali pake, likiegemea ukuta kwa miti miwili, nikamwaga tena mchanga mkavu chini yake na kusimama naye hapo na mwavuli. Siku ya pili ya mvua alikwenda mwenyewe.