Mgeni wa Nyuma ya Jiwe

Siku tano za kwanza, nilichokiona cha yule samaki ni jicho lake la uongo tu. Kitatange wa mikanda ya shaba ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, huku nyuma kabisa, na anayemvizia anaweza kudhani hapo ndipo kilipo kichwa. Basi yeye alichomeka kichwa chake halisi kwenye ufa wa mawe, akaliacha doa nje. Nami jioni nzima nimekaa mbele ya kioo, natazamana na jicho lisiloona.

Nilikuwa nimemtamani kwa miaka. Mweupe, mikanda ya rangi ya shaba imemshuka ubavuni, mdomo mrefu na mwembamba kama kikoleo cha fundi saa. Nilikwisha kusoma kwamba wengi wa jamii yake hufa njaa katika matangi ya watu huku chakula kikielea pembeni yao. Nilisoma, nikaelewa, nikamnunua hivyo hivyo.

Tangi lilikuwa la lita 400 na lilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na samaki wawili wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na damseli mmoja wa buluu, mfupi kama kidole gumba, lakini ukorofi wake ungewatosha samaki kumi. Nikigusa tu kifuniko, wote watatu wako juu. Vijikamba vya artemia nilivyokuwa nikiviyeyusha kwenye kikombe havikuwahi kufika hata katikati ya maji. Kitatange alichungulia, akaona vurugu, akarudi zake.

Nikaongeza chakula. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: wale watatu wakishiba, kinachobaki kitamfikia. Kilichobaki kiliingia nyuma ya mawe kikaoza, na siku ya tisa niliporudi nyumbani niliwakuta wenyeji wangu wamejipanga chini ya uso wa maji, matamvua yanakwenda mbio. Nikapima amonia, ile sumu inayotoka kwenye chakula kinachooza. Kile kichupa ambacho siku zote hubaki cha manjano kikageuka kijani mbele ya macho yangu.

Usiku huo nilibadilisha robo ya maji. Aliyewahi kufuga samaki wa maji ya chumvi anajua kazi hiyo haiendi kwa haraka: unakoroga chumvi ndani ya ndoo, unasubiri iyeyuke, unapima uzito wa maji hayo ya chumvi mpaka kipimo kisome 1.025, unasubiri tena joto lifike nyuzi 25 kama ndani ya tangi. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, akaitazama sakafu iliyolowa.

"Huyu mgeni wako ana siku ngapi?"

"Tisa."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Wako hata kijiko hajashika."

Nilicheka, lakini sikupata usingizi. Asubuhi kitatange alikuwa amegeuka ubavu na nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza: tumbo limeingia ndani, na nyama ya mgongoni, pale nyuma ya kichwa, imechongoka kama makali ya kisu.

Kwa kuwa maji bado hayakuwa salama, siku hiyo sikumlisha yeyote. Nilivuta kiti nikakaa. Pengine ni kwa sababu sikunyanyua kifuniko, sijui, lakini baada ya nusu saa alitoka. Akawa anapita juu ya mawe polepole, anasimama kwenye kitundu, anakikagua kwa jicho moja kisha kwa jingine, anachomeka mdomo, anavuta. Kitundu kinachofuata, vilevile. Alikuwa akitafuta minyoo. Huyu hakuumbwa kugombea vitu vinavyopita na mkondo. Riziki yake imebanwa kwenye nyufa na anaichomoa kwa utaratibu wake. Siku tisa nilikuwa nikimrushia chakula katikati ya dhoruba ya pampu na kumlaumu kwa kutokidaka.

Kesho yake nilileta kome wabichi, wale wa magamba mawili. Wa kwanza nilimsuuza, nikampanua wazi kama kitabu, nikamlaza karibu na ule ufa. Damseli alimmaliza.

Wa pili sikumpanua. Nilizungusha kisu kidogo tu, magamba yakaachana upana wa unene wa sarafu, nikafunga kwa mpira juu ya kijiwe ili asisukumwe huku na huku. Saa moja jioni nilizima pampu na taa ya tangi, nikaacha ya sebuleni. Kwanza niliwapa wale watatu chakula chao pembe ya mbali, kidogo kidogo kwa mrija, wapate shughuli. Kisha nikashusha kome upande wa pili.

Damseli alikuja, bila shaka. Akagonga gamba, akagonga tena, mdomo wake butu haukupenya. Akaondoka.

Kitatange alitoka kinyumenyume, doa lile mbele. Akageuka. Alimzunguka kome mara tatu, akarudi mafichoni, nami nikaanza kutukana kimoyomoyo. Akatoka tena. Akainamisha kichwa, mdomo ukazama kwenye mwanya karibu kufika machoni, akautoa na kipande cha nyama cha chungwa kinaning'inia. Akakimeza. Akarudia.

Sikujua mke wangu yuko nyuma yangu mpaka aliponong'ona, "Ameshika jembe."

Tukakaa tukimtazama mpaka gamba likabaki jeupe ndani. Pampu niliikumbuka saa tatu.