Spika ya fremu ya jirani na usingizi wa mchana

Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Anaingia lindoni saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Akishapanda daladala mbili mpaka hapa Tandika, Dar es Salaam, akaoga na kunywa chai, saa tatu imeshagonga. Usingizi wake wote uko kati ya hapo na saa nane mchana. Saa tatu hiyohiyo ndipo fremu ya ubavuni kwetu inapofunguliwa, na kijana anayeuza vifaa vya simu anawasha spika: "Kava elfu mbili, protekta elfu moja, chaja elfu tatu, karibu mteja!" Sauti imerekodiwa kwenye flashi. Ikifika mwisho inaanza upya, mpaka mwanangu wa darasa la pili akawa anaitamka huku anafanya hesabu.

Nyumba yetu ni ile ya korido katikati, vyumba kulia na kushoto, jiko na choo uani. Mwenye nyumba alikitoboa chumba cha mbele, akaweka mlango wa chuma, akakipangisha kama fremu. Sisi tunakaa chumba kinachofuata, kwa hiyo ukuta ni mmoja. Nao, kama kuta nyingi za nyumba za huku, haufiki juu. Unaishia kwenye mtambaa panya, ule mstari wa juu wa ukuta chini ya paa, dari hakuna, na bati lililofunika fremu ndilo hilohilo lililotufunika sisi. Sauti inapanda kule, inagonga bati, inashukia kitandani kwetu. Ule mdundo mzito wa muziki unaochezwa katikati ya matangazo hauhitaji hata kupita juu. Spika ilikuwa imeegemezwa ukutani, na ukiweka kiganja upande wetu unausikia ukuta unatetemeka.

Nilipolalamika, watu walinijibu kwamba hapa ni mjini, tena uswahilini, nizoee. Jibu hilo linaniuma mpaka leo. Mlinzi akikutwa amesinzia lindoni amepoteza kazi, na mkate wa watoto watatu unaondoka naye. Mume wangu, Baba Asha, ana presha, na alipokwenda zahanati swali la kwanza aliloulizwa ni analala saa ngapi kwa siku. Usingizi wa mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja ni usingizi kama wa mtu mwenye nyumba ya ghorofa.

Nilimwendea kijana asubuhi, kabla hajapata mteja, maana mfanyabiashara hasemwi mbele ya wateja wake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, shemeji yako analala mchana, tusaidie upunguze." Akasema, "Sawa mama, samahani sana," na akapunguza palepale. Kufika adhuhuri sauti imerudi palepale. Kesho yake vilevile. Nilidhani ni jeuri, lakini siku moja nikakaa kibarazani nikichambua mchicha, nikaona kinachotokea. Ng'ambo ya barabara kuna duka jingine la simu, nalo lina spika. Yule akipandisha, huyu hasikiki, naye anapandisha. Akishapandisha, yule wa ng'ambo anaongeza. Hakuna kati yao aliyekuwa amekusudia kututesa, ila kila mmoja alikuwa akishindana na mwenzake.

Nilipakua kwenye simu programu ya kupima desibeli. Simu si kipimo rasmi, siwezi kuipeleka mahali ikakubaliwa kama ushahidi, lakini inaonyesha tofauti kati ya saa na saa. Juu ya mto wetu wa kulalia ilisoma 68. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za mitaani, lilisema chumba cha kulala kisizidi 30 hivi ili mtu alale vizuri. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi: zikiongezeka 10 tu, sikio linahisi sauti imekuwa karibu mara mbili.

Mwenye nyumba nilimpigia simu. Yeye ameshapokea kodi ya fremu ya miezi sita mkononi, akanijibu tuelewane wenyewe. Jirani mmoja akanishauri niende moja kwa moja NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sheria ipo, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kuna kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zenye kiwango cha mchana na cha usiku kwa maeneo ya makazi. Haziko kwenye karatasi tu, kwani mwaka 2023 NEMC walifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele. Lakini mimi sikutaka kijana afungiwe. Amekopa mtaji, na mara kwa mara ananitunzia mzigo wangu wa vitenge nikiwa sokoni. Nilichotaka ni mume wangu alale.

Nikaenda kwa mjumbe, naye akanipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Kabla ya siku ya kikao nilikaa nikafikiri nitaomba nini hasa, kwa sababu "punguza sauti" nilishaiomba na nilishapewa. Haina mahali pa kushikia. Yeye anaona amepunguza, mimi naona bado, na hakuna wa kutuamua. Nikaandika kwenye karatasi mambo ambayo mtu yeyote akipita anaweza kuyaona kwa macho: spika iondolewe ukutani na ikae juu ya vipande vya tairi, mdomo wake uangalie barabarani, usiangalie ndani ya fremu, na isiwashwe kabisa kabla ya saa nane mchana. La nne lilikuwa ombi kwa mwenyekiti: amwite na yule wa ng'ambo, maana bila yeye mengine yote yangedumu siku chache tu.

Mwenyekiti ni mzee mtulivu. Aliisoma karatasi, akamgeukia kijana akamuuliza, "Mwanangu, mauzo yako makubwa ni saa ngapi?" Kijana akasema jioni, watu wakirudi kazini. Asubuhi wanaopita ni kina mama wa sokoni na wanafunzi, hawanunui chaja. Wa ng'ambo naye akasema hivyohivyo. Kumbe walikuwa wanapiga kelele asubuhi nzima kwa ajili ya wateja ambao hawapo. Wakakubali wote wawili, ikaandikwa kwenye daftari la mtaa, tukasaini, mhuri ukagongwa, kila mmoja akapewa nakala.

Vipande vya tairi nilivitafuta mwenyewe kwa fundi viatu, tukaviweka pamoja na kijana jioni ileile. Mtetemo ukutani ulikatika hapohapo, kabla hata hajagusa kitufe cha sauti. Spika ikiwa imewashwa, juu ya mto wa kulalia simu sasa inasoma 54. Si kimya, lakini mtu anazungumza na mwenzake bila kupaza sauti, na Asha anasoma. Asubuhi haiwashwi. Mara mbili tatu amejisahau akaiwasha saa tano; nikatoka, nikamwonyesha saa, akazima bila neno. Ule ugomvi wa kila siku wa "nimepunguza" na "hujapunguza" umeisha, kwa kuwa hakuna cha kubishania.

Kilichobaki ni juu. Nimeshapima ukuta kuanzia mtambaa panya hadi kwenye bati, na fundi amenipigia hesabu ya matofali na saruji. Mwenye nyumba amekubali gharama ikatwe kwenye kodi yetu, na hilo nimemwomba aliandike. Wiki hii pia nimeona chumba cha mbele upande wa pili wa korido kinatobolewa, fremu nyingine inakuja. Kesho asubuhi naenda ofisi ya mtaa na nakala ya makubaliano yetu, niombe mwenyekiti azungumze na mwenye nyumba masharti hayo yaingie kwenye mkataba wa mpangaji mpya kabla hajaleta mzigo.