Ile "ni uzee tu" ilivyonisuta

Nimetoka naiti leo asubuhi, usingizi hauji, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unapiga mabati kama mwenye nyumba anadai kodi, bas ngoja niandike hili jambo, maana lina wiki mbili sasa halijaniachia.

Mimi ni nesi, mwaka wa 9 huu, na wodini kwetu wengi ni watu wazima. Bibi yangu mzaa mama nakaa naye hapa Nkuhungu toka mwaka jana, tulimtoa kijijini Bahi baada ya kuanguka akitoka kuchota maji. Umri wake kamili hatuujui, yeye anasema Uhuru wa 1961 ulimkuta kigori anachunga mbuzi, piga hesabu mwenyewe. Ananiita mke mwenza, na mimi namwita hivohivo, tunamgombania marehemu babu mpaka majirani wanacheka.

Sasa Jumatatu ile kaamka fresh, kala ugali wake wa uwele na mlenda. Jumanne jioni ananiuliza nani kafungulia mbuzi wameingia chumbani. Nikacheka jamani, nikajua utani. Jumatano ananiita kwa jina la dada yake aliyeshafariki, mchana kutwa kalala, usiku kakaa kitandani anachomoa nyuzi za blanketi moja moja anazipanga pajani kama anasuka ukili. Nikampigia mama mdogo, akasema mwanangu huo ni uzee tu muache apumzike. Jirani naye akaja na maelezo yake ambayo siyaandiki hapa. Na mimi, nesi mzima, nikaitikia, ni uzee tu, nikavaa sare nikaenda kazini.

Usiku huohuo tukapokea bibi wa watu, binti yake kasimama mlangoni kachoka, ananiambia nesi anaongea maneno hayaeleweki ila ni uzee. Nikamuuliza lile swali ninalouliza kila siku, kaanza lini? Toka juzi. Nikausikia mdomo wangu unamjibu, mama, uzee hauingii kwa siku 2. Yaani nilibaki nimesimama na faili mkononi, maneno yangu mwenyewe yamenigeukia.

Asubuhi nikapanda boda mpaka nyumbani, hata viatu sikuvua. Joto 36.7, hana homa, lakini mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usichemke kabisa kwahiyo kutokuwa na homa hakunipi amani. Wengi tumezoea kufinya ngozi ya mkono tuone kama inarudi, kwa bibi hiyo haisaidii, ngozi ya umri huo inabaki imesimama hata kama kanywa ndoo nzima. Nikaangalia ulimi. Mkavu, umepasuka katikati kama mbuga ya Bahi kiangazi. Kwenye ndoo yake mkojo ulikuwa kidogo, rangi ya chai ya rangi iliyochacha, na harufu.

Hospitali walipima wakakuta UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na maji yamepungua mwilini, kumbe ndo vilivyomchanganya. Dripu 2, dozi ya siku 7, na daktari akakiangalia upya kile kidonge chake cha presha cha kukojoza. Kitu kimoja kiliniuma pale dirishani, nesi mdogo mdogo hivi akaniuliza mimi "bibi anasumbuliwa na nini" wakati bibi mwenyewe kakaa mbele yake na khanga yake nzuri. Nikataka kukasirika, nikakumbuka ni mara ngapi na mimi nimefanya hivohivo.

Siku ya 4 mbuzi wakaondoka chumbani. Siku ya 5 akaniuliza mbona umekonda mke mwenza, mume hakupi hela?

Ndo nikamkalisha taratibu, usoni kwake, sauti nzito maana ile nyembamba haisikii, (watoto wakimwita haitiki, fundi bomba mwenye sauti nzito akisalimia anaitikia marahaba mpaka nje, kumbe watu humu walikuwa wanasema anasikia anapotaka!). Nikamuuliza bibi kwanini hunywi maji. Akanyamaza. Halafu akasema, choo kiko nje, kuna ngazi 2, usiku kuna giza, na wewe umetoka kazini umelala, nikuamshe kwa ajili ya mkojo? Kwahiyo ikifika saa 10 jioni alikuwa anafunga, hanywi kitu mpaka kesho. Na kiu yenyewe umri ukienda inapungua, haimsumbui ile ya kumkumbusha. Alafu akaongeza, maji niliyabeba kichwani toka mtoto, leo ninywe tu bila kazi?

Nilimnunulia poti, akalikataa, mimi kichanga? Ndoo yenye mfuniko kaikubali, kwasababu kijijini alikuwa nayo. Taa tumeiacha inawaka, na binti wa dada analala chumba kimoja naye. Kabla ya kusimama anakaa kwanza pembeni ya kitanda, anahesabu kidogo ndo anyanyuke, maana akiinuka ghafla presha inashuka anaona giza.

Kuhusu maji tumekubaliana hivi, kila akimaliza kikombe anadondosha mbegu ya ubuyu kwenye kopo la Blue Band, uji na chai zinahesabiwa. Jioni naangalia kopo.

Jana nimekuta mbegu 8, nikafurahi, nikampongeza. Nimeinua jagi kulijaza, zito, halijapungua hata robo. Nikamwangalia, akageukia ukutani akajifunika khanga, mabega yanacheka.